Fomu ya Namba 417

Fomu inauliza urefu. Naandika: sentimita themanini na mbili,
fupi kuliko ile ya babu yake Orest
iliyokuwa ikilala chini kila Julai upepo ukivuma.
Inauliza kutu. Naandika: hustahimili.
Inauliza rangi ya punje. Nyekundu,
kama udongo wa Makete, lakini hilo haliandikwi.

Inauliza: uvumilivu wa baridi, moja hadi tisa.
Hapo naiweka kalamu chini.

Maana tuliipanda Septemba tano, nje kidogo ya Dauphin,
katikati ya mabua ya kanola yaliyoachwa wima makusudi
yaikamate theluji isipeperukie kwa jirani.
Orest hakugusa plau. Alizipenyeza mbegu
kama mtu anayepenyeza barua chini ya mlango.
Oktoba ilikuwa na majani matatu,
imelala kifudifudi, haina haraka wala maringo.
Wapandao ngano ya Mei walipita na malori,
wakapunguza mwendo, wakatazama, wakaenda zao.

Kisha Januari.
Nilidhani naijua baridi: nimeiona jalidi ya Makete
ikiunguza viazi vya mama usiku mmoja.
Hapa kope zinagandana,
na lori halikubali kuwaka
mpaka litiwe umeme usiku kucha
kama mgonjwa aliyetundikiwa dripu.

Chini ya theluji, sentimita tatu ardhini,
kuna kitovu cha mche, hakizidi punje ya dengu.
Majani yakifa, yafe.
Mizizi ikikatika, ikatike.
Kitovu kikipona, mche umepona.
Kipimajoto cha udongo kilisoma hasi kumi na nne,
hasi kumi na saba,
na usiku ule upepo ulipoukwangua mgongo wa shamba
hasi kumi na tisa.
Orest aliingia jikoni na soksi, akaitaja namba,
basi. Halyna akamwongezea chai.

Mvumilivu hula mbivu, tulifundishwa.
Hatukufundishwa habari za panya
wanaochimba njia zao chini ya theluji,
wavumilivu nao.

Kuna jambo nilimsimulia mama kwa simu:
ukiipanda hii Mei, ikaikosa baridi,
itatoa majani tu, majani, mpaka kiangazi kiishe,
suke hulioni.
Lazima ipigwe na baridi ndipo ikumbuke kuzaa.
Mama alinyamaza.
Kisha akauliza, "Na wewe, unakula?"

Machi niliingia shambani na sururu.
Udongo ulitoka kama tofali; nikauyeyusha kwenye ndoo, bafuni,
nikaosha miche ishirini,
nikakata majani yote, mizizi yote,
nikabakiza vitovu na vijiti vya shina,
nikavilaza juu ya karatasi mbichi ndani ya mfuko,
juu ya friji, kando ya chumvi.

Siku ya kwanza, kimya.
Siku ya nne, vingine vimekuwa rangi ya chai,
laini, vinanuka.
Orest alikwisha kuleta madumu ya dawa,
ameyapanga ghalani: ikiwa imekufa
atalisafisha shamba apande kanola,
asiseme neno.
Siku ya sita Halyna alikuwa akitafuta chumvi.
Akaita, si kwa sauti kubwa.
Uzi mweupe, mfupi kuliko ukucha,
umetoka pale nilipokata.
Kisha mwingine.

Tukahesabu mezani, mimi, yeye na Orest aliyevaa miwani yake:
miche kumi na mmoja.
Orest hakushangilia. Alisema, "Itachipua, itaziba mapengo,"
akatoka kwenda kuyarudisha madumu.

Sasa ni Agosti, kombaini imepita,
makapi yamo hata ndani ya kola yangu,
na fomu bado inasubiri.
Moja hadi tisa. Naandika sita.
Nafuta. Naandika sita tena.
Kwenye maoni wameacha mstari mmoja tu:
Huchelewa kuamka.
Asiizike mtu kabla ya Mei.